Je, Njia Ina Mwenyewe?

Walimu wenzetu, lipo swali ambalo sisi watu wa bara, tulio mbali na pwani na karibu na vilima, tumelikuta tangu utotoni bila ya kulitamka: njia inayopita katikati ya migomba ya jirani ni ya nani? Jirani hulima kulia na kushoto, lakini katikati hapandi kitu. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna hati iliyoandikwa. Akiamka siku moja akaliziba pengo lile kwa miiba, watu hawatamwita mwizi, kwa kuwa shamba ni lake kweli. Hata hivyo watamwona kuwa ametenda neno baya, na wazee watakaoitwa kuamua watapata taabu kulipa neno hilo jina lake.

Swali hili la kale limezuka upya mahali ambapo wengi hatukutazamia, nako ni katika mchezo wa baiskeli za milimani. Katika Ulaya na Marekani, na sasa hata katika baadhi ya nchi zetu, zimechongwa njia za baiskeli misituni na kwenye majabali. Baadhi yake ziko wazi kwa kila mtu. Nyingine zina lango na ada. Nyingine zimo ndani ya mashamba ya watu binafsi, na haingii mtu ila mwanachama, au yule aliyekwisha kufundishwa na mkufunzi akaonekana kuwa ameiva. Huenda msomaji akasema kwamba huu ni mchezo wa wenye nafasi, na kwamba kuna mambo mazito zaidi ya kushughulikia. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayepita kwa haja ya maji au ya soko humfanya kila mtu amwonee huruma, na huruma huficha hoja. Mtu apitaye kwa furaha tu hana ngao hiyo. Hivyo hoja hubaki peke yake, tukaweza kuitazama. Tena sharti la mafunzo latugusa sisi walimu moja kwa moja, maana riziki yetu yatokana na kuamua nani amehitimu na nani bado.

Mchezo wenyewe ulizaliwa bila ya kibali cha mtu. Tarehe 21 Oktoba mwaka 1976, karibu na mji mdogo wa Fairfax katika jimbo la California, vijana wachache walishindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu, nzito, zilizoundwa miongo mingi nyuma. Breki zao zilikuwa zile za kukanyaga kinyume, zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Zilishika moto hata grisi ikageuka moshi, na baada ya mteremko mmoja iliwapasa kukifungua kitovu na kukijaza grisi upya. Ndipo njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza tena. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu ya kwanza iliyokusudiwa hasa kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianzisha biashara ya kuuza baiskeli hizo, fremu zikiundwa na Tom Ritchey. Tulikumbuke jina hili la Ritchey, kwa sababu tutakutana naye tena mahali tusipomtarajia. Mwaka 1996 mchezo uliingia katika Olimpiki, mjini Atlanta.

Lakini kabla ya medali zilikuja kesi. Waendao kwa miguu na wapanda farasi walilalamika kuwa wanashtukizwa penye kona. Mwaka 1984 idara ya misitu ya Marekani iliweka bayana kwamba baiskeli ni chombo cha mitambo, na kwa hiyo imekatazwa katika nyika zilizohifadhiwa kwa sheria ya mwaka 1964. Mwaka 1988 waendeshaji waliunda chama chao cha kimataifa, nacho kikatoa kanuni ambazo tungeweza kuzibandika katika darasa lolote: pita palipofunguliwa tu, kitawale chombo chako, wapishe wengine, usiache alama ya kupita kwako. Kanuni njema hizi. Hata hivyo twaona kwamba ile ya kwanza imeliruka swali letu, maana imechukua kuwa tayari tunajua nani ana haki ya kufungua na kufunga.

Basi na tuanze na hoja ya mwenye ardhi, tena tuieleze kwa uaminifu. Anayedhani kuwa njia ya baiskeli ni mchirizi tu uliokanyagwa na wapita njia, hajaitazama vizuri. Uso wake sharti uinamie kidogo upande wa bondeni, ili maji ya mvua yavuke na kwenda zake badala ya kuifuata njia na kuichimba. Mwinuko usizidi kiasi, la sivyo magurudumu yatateleza na udongo utashuka. Penye tope huwekwa mawe au madaraja ya mbao; penye kona huinuliwa ukingo wa udongo ulioshindiliwa. Majembe, sururu, wiki nzima kwa masafa ambayo mwendeshaji atayamaliza kwa pumzi chache. Kisha mtu mmoja akipita siku ya mvua, akafunga gurudumu la nyuma kwa breki, huacha mfereji ambao mvua ijayo itaukamilisha. Mwenye ardhi anaposema, "Sitaki kila ajaye apite hapa," hasemi kwa choyo tu. Yamkini anasema hivyo kwa kuwa ameiona kazi ikiharibiwa.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu hupata umiliki kwa kuichanganya kazi yake na kitu ambacho hakikuwa na mwenyewe, maadamu amewaachia wenzake cha kutosha na chenye ubora ule ule. Wengi humtaja Locke ili kumtetea mwenye ardhi. Lakini katika jambo hili hoja yake yageuka na kumwuma aliyeileta. Kwani aghalabu aliyechimba njia si mwenye ardhi. Ni watu wa kujitolea, waliokuja Jumamosi na majembe yao, kwa ruhusa au bila ruhusa. Ardhi ina mtu mmoja, jasho lina mtu mwingine. Iwapo kazi ndiyo chimbuko la haki, njia ni ya waliochimba. Iwapo hati ndiyo chimbuko, waliochimba ni wageni waliompambia mtu nyumba yake. Hakuna hata moja katika hizi mbili inayoridhisha moyo, na hapa ndipo tunapoanza kushuku kuwa neno "mali" halitoshi kulieleza jambo hili.

Tuchukue mfano mmoja wa kweli. Katika kijiji cha East Burke, jimbo la Vermont nchini Marekani, chama kisicho cha faida kiitwacho Kingdom Trails kilianzishwa mwaka 1994. Njia zake zina urefu wa zaidi ya kilomita 100, nazo hupita katika ardhi ya watu binafsi wengi, walioikubali bila ya kodi. Mgeni hukilipa chama ada ya kupita. Mwenye ardhi halipwi kitu. Vermont ina desturi ndefu ya namna hii: katiba yake ya mwaka 1777 iliwapa wakazi uhuru wa kuwinda katika ardhi isiyozungushiwa ua, hata kama si yao. Baiskeli zikaongezeka, wageni wakaongezeka, kijiji kikapata nyumba za kulala wageni, maduka, mafundi na wakufunzi. Ndipo Desemba mwaka 2019 wenye ardhi watatu wakatangaza kuwa baiskeli hazitapita tena kwao.

Je, walitenda dhuluma? Kwa sheria, la. Zawadi si deni. Lakini tusifanye haraka kumaliza. Mtu akinipa njia kwa miaka 25, nami nikajenga nyumba kwa kuitegemea njia hiyo, mkono wake umekwisha kuingia katika maisha yangu, atake asitake. Hatuwezi kusema kuwa sasa anawajibika kunipa milele. Tukisema hivyo tutakuwa tumewafundisha watu wote wasitoe kamwe, kwa kuchelea kwamba ukarimu wa leo utakuwa utumwa wa kesho. Twaweza kusema jambo dogo zaidi: kwamba matumaini yaliyokuzwa na kutoa kwake yanadai maneno. Yanadai taarifa mapema, sababu, na kikao. Na kwa upande wa pili, wageni nao walidaiwa kitu walichokisahau. Mtu akikaribishwa mara elfu, mara ya elfu na moja huingia bila ya kubisha hodi. Twadhani ukarimu mwingi hufa kwa namna hiyo, wala si kwa ugomvi mkubwa.

Ajabu ni jinsi sheria yenyewe inavyoushughulikia ukarimu. Katika Uingereza, sheria ya barabara ya mwaka 1980 yasema kwamba njia ikitumiwa na umma kwa miaka 20, waziwazi, bila nguvu wala ruhusa, basi huhesabiwa kuwa imekwisha kutolewa kwa umma, isipokuwa iwapo mwenyewe alionyesha kuwa hakuwa na nia hiyo. Matokeo yake? Jirani mpole aliyewaona watu wakipita akanyamaza kwa wema, huipoteza njia. Yule aliyesimamisha kibao cha kukumbusha kila siku kuwa "mnapita kwa hisani yangu", huihifadhi. Huko Marekani mambo yamekaa vingine: majimbo karibu yote yana sheria zinazomwondolea dhima mwenye ardhi anayewaruhusu watu kucheza kwake bure, lakini akitoza kiingilio, kwa kawaida kinga hiyo huondoka, naye akabeba mzigo wa bima kama mfanya biashara yeyote. Sheria ya kwanza yamfunza mtu asinyamaze. Ya pili yamfunza asiuze. Sisi tungechagua kuishi chini ya ile ya pili, ingawa twakiri kuwa ya kwanza imewaokolea maskini njia nyingi.

Maana njia hizo hazikupatikana kwa upole. Tarehe 24 Aprili mwaka 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester na Sheffield, walipanda mlima wa Kinder Scout katika Derbyshire, ambao matajiri walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Vijana watano walitiwa gerezani. Kiongozi wao, Benny Rothman, alipata miezi minne. Mwaka 1949 bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya kuwafikisha watu mashambani. Sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu waendesha baiskeli kupita katika njia za farasi, kwa sharti kwamba wampishe mwenda kwa miguu na mpanda farasi. Na Uskoti, kwa sheria yake ya mwaka 2003, ilikwenda mbali zaidi: kila mtu ana haki ya kupita karibu katika ardhi yote na majini, kwa miguu, kwa farasi au kwa baiskeli, maadamu anapita kwa uangalifu. Tena haki hiyo yamfikia hata mkufunzi anayelipwa, iwapo shughuli anayoifanya ni ile ambayo mtu angeweza kuifanya bila ya malipo. Tazameni sharti lilipowekwa. Halikuwekwa kwenye hati ya ardhi, wala kwenye cheti cha mpitaji. Limewekwa kwenye mwenendo wake wakati anapopita.

Hapo ndipo tunapofika kwa mkufunzi. Anafundisha nini? Anafundisha kusimama juu ya kanyagio mbili zilizo sawasawa, magoti na viwiko vikiwa vimelegea. Kutazama mbali mbele, pale unapotaka kwenda, wala si jiwe unaloliogopa, kwani macho huvuta usukani. Kupunguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake. Kuilaza baiskeli huku mwili ukibaki juu yake. Ni elimu ya kweli, nayo hupunguza mifupa iliyovunjika. Hatuna shaka pia kuwa aliyefundishwa huichimbua njia kidogo kuliko asiyefundishwa. Hivyo mwenye shamba akisema, "Kwangu aingie aliyefundishwa tu," kuna mantiki katika neno lake.

Lakini sisi tuliokaa na vyeti miaka mingi twajua vinavyopenda kufanya. Cheti huanza kama ushahidi kwamba mtu anajua jambo. Muda si muda huwa ndicho kitu chenyewe, na ujuzi usio na cheti huhesabiwa kuwa haupo. Twende Goma, mashariki ya Kongo, tukamtazame mtu wa chukudu. Chombo chake ni cha mbao, hakina kanyagio wala mnyororo. Juu yake amepanga mamia ya kilo za viazi, mkaa au kabichi, naye anateremka nacho njia ya mawe ya volkeno, akipunguza mwendo kwa kukandamiza kipande cha mpira wa gari juu ya gurudumu la nyuma kwa mguu. Kila anachokifundisha mkufunzi wa Ulaya, mtu huyu anacho: jicho lililo mbele, mwili uliolegea, breki kabla ya kona. Hajawahi kuulizwa na mtu amehitimu wapi. Mahali ambapo cheti ni ufunguo wa lango, yeye angebaki nje, na ndani angeingia kijana aliyelipia somo la siku mbili.

Kwa maoni yetu inafaa kutofautisha vitu viwili ambavyo baiskeli za milimani zimevichanganya: njia na uwanja. Uwanja umejengwa kwa ajili ya mchezo; usipokuwapo mchezo, hauna sababu ya kuwapo. Aliyeujenga anaweza kuufunga, kuutoza ada, na kumtaka mchezaji afundishwe kwanza, kama vile bwawa la kuogelea linavyoweza kuwakataza wasiojua kuogelea upande wa kina kirefu. Miruko ya baiskeli yenye urefu wa nyumba ni uwanja, hata ikiwa imenyoshwa mlimani kama utepe. Njia ni kitu kingine. Njia ilikuwapo kwa kuwa watu walikuwa na mahali pa kwenda, na mchezo umeikuta. Kuifunga njia, au kumtaka mpitaji cheti, ni kumfanya mtu mgeni katika mwendo wake mwenyewe. Basi kabla ya kulihukumu lango lolote tungeuliza: nani alikuwa akipita hapa kabla ya kibao hiki kusimamishwa, na sasa anapita wapi?

Tofauti hii haitatui kila kitu. Olimpiki ya London ya mwaka 2012 ilichonga uwanja wa baiskeli za milimani huko Hadleigh Farm, Essex, katika shamba la Jeshi la Wokovu. Humo alishindana Adrien Niyonshuti wa Rwanda, akamaliza wa 39. Uwanja ule ulijengwa kwa makusudi, miamba ikapangwa kwa vyombo vizito, na hakuna aliyelalamika kuwa umefungwa siku ya mashindano. Lakini Niyonshuti na wenzake hawakujifunzia katika uwanja. Waliinukia katika barabara na vijia vya vilima vya Rwanda ambavyo havina lango. Na aliyesaidia kuamsha mchezo huo Rwanda ni yule yule Tom Ritchey wa California, aliyefika huko mwaka 2005, akawaona watu wakibeba mizigo kwa baiskeli, naye akaanzisha mradi wa baiskeli ndefu za kubebea kahawa. Uwanja wa Essex ulikula matunda ya njia za Rwanda. Iwapo kila mwenye kilima huko angekuwa ametundika kufuli, tusingelisikia jina la Niyonshuti.

Sasa tugeuze upande wa pili, ambao kwetu una uzito zaidi. Rwanda imeitangaza njia ya Kongo-Nili, yenye urefu wa kilomita 227, kandokando ya ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, iwe njia ya watembeao na waendesha baiskeli. Mgeni huja na baiskeli yenye thamani ya mshahara wa mwalimu wa miaka mingi, pengine akiongozwa na mkufunzi aliyemlipa. Njiani anakutana na mama mwenye ndoo kichwani, mtoto mwenye mbuzi, mzee mwenye fimbo. Hapa hakuna uzio, na hapana aliyefungiwa. Hata hivyo inawezekana kabisa kumnyang'anya mtu njia bila ya kuifunga: yatosha kupita kwa kasi kiasi cha kumfanya mama yule ajifunze kusimama kando kila anaposikia mnyororo. Baada ya mwaka mmoja wa kusimama kando, njia ni ya nani?

Kwa hiyo, tukiulizwa mkufunzi aanze na somo lipi, hatutasema kona wala mruko. Aanze na kusimama. Amfundishe mwanafunzi wake kushuka, kusalimu kwa lugha ya mahali hapo, na kumwacha mwenye mzigo apite kwanza. Na asimpeleke mwanafunzi anayemlipa katika njia iliyochimbwa shambani mwa mtu asiyejua habari zake, kwa sababu hapo anauza kisicho chake. Wakufunzi wengi wema huyafanya hayo. Wapo pia wanaoziweka njia za siri katika ramani za simu ili wapate sifa, na mwenye shamba aliyekuwa akifumba jicho kwa watu 10 akajikuta asubuhi moja ana watu 200. Huyo akifunga, sisi hatumlaumu yeye.

Na pale ambapo uwanja umejengwa juu ya njia ya zamani, jambo ambalo litazidi kutokea katika vilima vyetu kadiri utalii unavyokua, tungependekeza lango liwe la namna mbili. Lango kubwa liwe na ada, bima, mkufunzi na masharti yote atakayopenda mwenye shamba. Pembeni yake kiwepo kilango kidogo kisicho na kufuli, upana wake utosheleze mtu mwenye mzigo wa kuni, na kijia chake kisikatwe na baiskeli ila mahali pamoja palipowekwa alama, ambapo mwendeshaji hushuka. Wenye mashamba watauliza ni nani atakayekitengeneza kilango hicho kikivunjika. Swali lao ni la haki, nasi twadhani jibu litoke katika ada ya lango kubwa.